Siku Shangazi Alipoifunika Mashine

Nianze na hao wenye mji, maana nikianza na shangazi nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kusema.

Mji wetu unaishia darajani. Hilo kila mtu analijua. Ng'ambo ya daraja ndiko kwenye taa za barabarani, mabomba ya maji, gari la taka linalopita asubuhi likipiga honi, na jengo la halmashauri lenye vioo vinavyoumiza macho jua likitoka. Upande huu wa daraja tuko sisi. Hatuna taa, maji tunanunua, taka tunachoma wenyewe nyuma ya nyumba, na ukifika uchaguzi wa madiwani hatuna kura, kwa sababu ati sisi si watu wa mji. Haya, tulishazoea. Kumbe siku moja wakubwa wale wamekaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wamepitisha kwamba mamlaka yao ya kupanga ardhi sasa yanavuka daraja na kufika mpaka kwenye machimbo ya mchanga. Yaani kwetu sote. Maji hayakuvuka. Taa hazikuvuka. Kura haikuvuka. Kilichovuka ni amri peke yake. Loo, watu wana macho makavu!

Sasa shangazi. Ni dada mkubwa wa baba yangu. Mama yao alipofariki, yeye mwenyewe akiwa bado msichana, ndiye aliyemlea baba: akamwogesha, akamfulia sare za shule, akamtafutia kazi, akamwozesha. Baba anaishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, lakini mpaka leo nywele zimekuwa nyeupe bado akimtaja dada yake sauti inashuka. Mtaani wanamwita Mama Unga, kwa sababu ana mashine ya kusaga nafaka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, chumba chenye mlango unaotazama barabara. Aliinunua mwenyewe alipochoka kuuza maharage sokoni kwa vikopo. Nyumba yote ile imejengwa na unga, chumba kimoja kimoja, na mimi chumba ninachoishi ng'ambo ya barabara, ninakoshonea nguo za watu, kodi yake ya kwanza alinilipia yeye.

Mumewe yupo. Tunamwita Bwana Tusubiri. Paa likivuja, tusubiri mvua iishe. Mvua ikiisha, tusubiri inyeshe tuone linavuja wapi. Ni mtu mwema, sisemi, hajawahi kumgusa mtu hata kwa ukucha, lakini ukimtegemea akuokoe na moto utaungua ukiwa umeshikilia mkono wake. Basi huyo tumwache kwenye kiti chake cha kamba, ndiko anakopenda.

Shangazi mwenyewe ana ugonjwa mmoja, na mimi nauita ugonjwa kwa sababu umemgharimu. Anaheshimu wageni kupita kiasi. Mtu akija kumsalimu, hata awe mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, shangazi anazima mashine. Anazima kabisa! Wateja wamepanga foleni na ndoo zao, wanaguna, wanatazamana, yeye wala habari hana. Anavua aproni, anajipangusa unga usoni, anatoa kiti, anatoa maji ya kunywa, halafu ndipo anauliza habari za nyumbani. Mteja akilalamika anajibiwa, "Wewe ulipokuja na mkwe wako mwaka ule, sikukuzimia?" Mteja ananyamaza, maana alizimiwa. Na hawezi kuvumilia mgeni amwone na vumbi. Ni mtu wa kusaga unga asiyetaka kuonwa na unga. Kila jioni chumba kile kinafagiliwa, kinapigwa maji, mpaka sakafu inakuwa safi kuliko sahani za watu fulani ninaowajua.

Basi likapita gari la halmashauri lenye spika juu. Sauti ya mwanamke, laini, ya kupendeza, ikitangaza: "Wageni kutoka halmashauri watapita kuyaona makazi yenu na kuona mnavyoishi. Tunaomba muwapokee vizuri." Ndivyo walivyosema, neno kwa neno, mtaa mzima ulisikia. Hawakusema kwamba kila kitakachoonekana siku hiyo ndicho kitakachoruhusiwa kuendelea, na kisichoonekana kimekufa. Hilo waliliweka mfukoni.

Na watu wetu nao! Mungu anisamehe, lakini mtu ukimwambia mgeni anakuja, akili yote inakimbilia kwenye ufagio. Mtaa uligeuka kuwa kama unaposwa. Seremala, jirani wa shangazi upande wa kulia, aliyekuwa na mbao mpaka barabarani, alizibeba zote na meza yake ya kazi akazipeleka kwa mama mkwe wake, eti wageni wasijikwae. Aliyekuwa anafuga kuku aliwahamisha. Aliyekuwa anatengeneza redio alizifungia chini ya kitanda. Na shangazi, eh, shangazi alifanya kazi siku hiyo kuliko siku zote za maisha yake. Aliwaambia wateja wasije. Aliteremsha kibao cha nje kilichoandikwa UNGA kwa sababu rangi ilikuwa imebabuka na aliona aibu. Aliisugua mashine mpaka ikang'aa, halafu hata hivyo akaona bado haifai kuonwa, akachukua shuka yake nzuri kuliko zote, ile ya kudarizi aliyokuwa anaiweka kabatini, akaifunika.

Nilimwambia. "Shangazi, acha waione. Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu naijua mimi. Wageni nitawakalisha mbele ya mikanda yenye girisi?"

"Wamekuja kuona tunavyoishi."

"Na ndivyo tunavyoishi. Vizuri. Nipe hiyo sinia ya vikombe."

Nikampa sinia. Akaiweka wapi? Juu ya mashine. Ikawa meza, na kusema kweli ilipendeza, ungedhani ni sebule ya balozi.

Wakaja. Aliyewaongoza ni kijana mmoja mwembamba mwenye viatu vya kung'aa, amebeba ramani imekunjwa chini ya kwapa kama fimbo ya ofisa wa jeshi. Tangu siku ile tunamwita Bwana Ramani. Shangazi alimpokea kama mtoto wake aliyerudi kutoka ng'ambo. Akamkalisha, akammiminia chai, akamwekea biskuti. Bwana Ramani akanywa, akasifu, akaomba cha pili. Kila akimaliza funda moja anakirudisha kikombe juu ya shuka, juu ya mashine. Halafu, kwa kazi yake, akauliza akiwa anapigapiga pembe ya shuka kwa kalamu, "Na hiki ni nini, mama?"

Shangazi akaona haya. Nilimwona kwa macho yangu, alishikwa na haya kama aliyeulizwa kuhusu nguo zake za ndani. "Ah, vyombo tu hivyo, baba. Usijali. Ongeza biskuti."

Bwana Ramani akaongeza biskuti na akaandika. Wakatoka, wakashukuru, wakaenda kwa seremala wakaona kiwanja kitupu kilichofagiliwa. Wakaandika. Wakaenda kwa fundi wa magari.

Huyo fundi ndiye jirani wa kushoto, na kila mtu anamwita Girisi. Sitaki kumsengenya, ila sina namna nyingine ya kumweleza. Ua wake ni makaburi ya magari. Matairi, mabati, oili imetuama kama dimbwi la bata. Siku ya wageni hakufagia hata jani, kwa sababu hakusikia tangazo, na hakusikia tangazo kwa sababu alikuwa amelewa. Walimkuta amelala chini ya lori bovu, miguu nje, anakoroma. Wakubwa wakairuka ile miguu kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, wameinua suruali zao zisichafuke. Wakaandika.

Majibu yalikuja kwa njia ya ramani kubwa iliyobandikwa darajani, kwenye nguzo, upande wao lakini, ili tuvuke kwenda kuyasoma. Mtaa wetu wote umepakwa rangi ya njano. Chini wameeleza: njano ni makazi, hairuhusiwi biashara ya kelele, vumbi wala mashine. Katikati ya ile njano kuna kiraka kimoja kidogo chekundu. Tukasogeza macho. Karakana iliyokuwepo, inaruhusiwa kuendelea. Ni kwa Girisi! Mlevi yule! Aliyejiandaa ameandikwa hana kazi, na aliyelala chini ya lori ameandikwa mwekezaji. Nilicheka pale darajani mpaka watu wakanishangaa, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Baadaye, walipopita wakasikia mashine inasaga, ikaja barua mlangoni kwa shangazi. Asimamishe usagaji na aondoe mashine, kwa sababu ameanzisha kiwanda ndani ya eneo la makazi. Ameanzisha! Mashine iliyosaga unga uliowalea watoto ambao sasa wana watoto. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaingia ndani, akakaa kwenye gunia. Mumewe akasema tusubiri, huenda wamekosea nyumba. Nikamwambia, "Mzee, tafadhali, leo nyamaza." Akanyamaza, na hilo ndilo jambo la maana alilolifanya mwezi ule.

Ni lazima mnielewe kilichokuwa hatarini. Si unga tu. Shangazi bila ile mashine ni mwanamke mtu mzima mwenye mume anayesubiri. Ndiyo iliyomfanya mtu wa kutegemewa, akaweza kusema ndiyo au hapana kwenye nyumba yake. Aliniambia siku ile, sauti imekauka, "Wakiichukua hii, mimi nitakuwa mgeni humu ndani."

Tukakata rufaa. Kumbe haki ya kukata rufaa tulikuwa nayo, kura ndiyo hatuna. Kamati ya mipango ilikaa kwenye ukumbi wao wenye feni, tukavuka daraja tumevaa nguo za heshima, shangazi, seremala, mimi na majirani kadhaa. Girisi naye alikuja, sijui kwa nini, akanuka petroli mstari wa nyuma. Mwenyekiti alikuwa baba mmoja mnene mwenye miwani puani, kila akisikia neno "ng'ambo" anatazama saa.

Bwana Ramani akasimama akaeleza kwa upole. "Mheshimiwa, sisi tunaandika tunachokiona. Siku ya ukaguzi pale hapakuwa na mashine."

"Ilikuwepo, mwanangu," shangazi akasema. "Chai yangu uliinywea juu yake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Ramani akawa mwekundu masikioni. Ningekuwa mimi ningetafuta shimo, lakini yeye alifungua faili.

"Kwa hiyo, mama," mwenyekiti akasema, "uliificha?"

"Niifiche kwani nimeiiba? Mlisema wageni wanakuja. Nilitandika."

"Ofisa alipokuuliza ni nini, ulimwambia ni vyombo."

"Sasa nimwambie nini, baba, mgeni anakula biskuti? Nianze kumhadithia habari za mikanda na mota?"

Watu wakacheka tena. Shangazi hakucheka. Alikuwa anasema kweli yake yote, amesimama wima na mkoba wake mkononi, na wale wanamwona kichekesho. Damu ikanipanda. Nikasimama bila kuitwa.

"Naomba kuuliza. Tukiomba taa, mnasema sisi si wa mji. Tukiomba maji, si wa mji. Tukisaga unga wetu kwenye nyumba zetu, ghafla tumekuwa wa mji. Tuambieni leo, sisi ni wa nani?"

"Dada, kaa chini. Hilo haliko kwenye ajenda."

"Najua haliko! Mmeiandika nyinyi!"

Shangazi akanivuta sketi nikakaa. Wakanong'onezana pale mbele, wakamwita Bwana Ramani, wakaangalia saa, na mwisho mwenyekiti akatangaza kwamba kwa huruma ya kamati, watu wa mtaa ule watakaguliwa mara ya pili. Amri imesimamishwa mpaka wakati huo. Ila safari hii hakuna tangazo. Watakuja wakati wowote, na watakachokikuta ndicho watakachoandika, na hakuna rufaa nyingine. Akasisitiza kwamba asitokee mtu wa kusema alikuwa ametandika.

Tukarudi. Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi, maana mimi namjua shangazi. Mashine hata ingekuwa inasaga magunia kumi, Bwana Ramani akitokea mlangoni na kusema "hodi", mkono wa shangazi utakwenda kwenye swichi wenyewe. Wataandika: mashine ipo, haifanyi kazi. Nikamwambia hivyo. Akaapa hatazima. Nikatoka nje, nikarudi mlangoni, nikapaza sauti, "Hodi!" Akazima.

"Shangazi!"

"Umepiga hodi, nifanyeje?"

Hapo ndipo Girisi alipojitolea kuwa mwalimu. Hebu fikirini aibu yenyewe. Mwanamke aliyekuwa akimpita yule mtu amejiziba pua sasa anamkaribisha ndani amfundishe kukosa adabu. Na alifundisha, wala sitamnyima sifa yake. Alikuja jioni, mikono myeusi, akasimama pale mlangoni akijifanya ofisa, amechomeka bisibisi sikioni iwe kalamu.

"Mama, kosa lako ni macho," akasema. "Unamtazama mtu usoni. Ukimtazama usoni umekwisha, utamwonea huruma. Mimi mtu akija na kazi au na deni, namtazama viatu. Viatu havina huruma. Unatazama viatu, unaendelea na kazi yako."

"Na akinisalimu?"

"Mashine inapiga kelele. Hujasikia."

"Nimesikia, fundi."

"Hujasikia, mama! Ndiyo maana ya mashine."

Wakarudia, wakarudia. Mwanzoni shangazi alikuwa anatazama viatu huku midomo inatingishika ikimrudishia salamu kimyakimya. Girisi akamkataza na midomo. Seremala alikuja kujaribu, mimi nilijaribu, mke wa jirani alijaribu akiwa na mtoto mgongoni, na kwa huyo, shangazi alishindwa, alizima akamtafutia mtoto biskuti. Tukaanza upya. Mtaa mzima ulikuwa na kazi ya kumfundisha mama mmoja mwema kuwa na roho ngumu, na wenye mji wao walikuwa wanalala.

Walikuja siku ambayo foleni ilikuwa ndefu. Bwana Ramani mbele, na nyuma yake mama mmoja mtu mzima, mnene, wa kutoka ofisi za juu, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, cherehani mbele yangu. Nilisimama na kipande cha nguo mkononi, sindano ikabaki imening'inia. Seremala alikuwa anaranda mbao kama anakimbizwa. Girisi alikuwa juu ya ukuta, sijui alipandaje.

Wakafika mlangoni. Wakapiga hodi. Mashine ikaendelea kunguruma. Niliuona mkono wa shangazi ukiinuka, haki ya Mungu nilikufa kidogo, ukaenda kuelekea ukutani kwenye swichi, ukasimama hewani, halafu ukarudi ukashika ukingo wa mdomo wa mashine. Akainamisha kichwa. Wakaingia ndani kabisa. Yule mama wa suti akavuta vumbi, akaanza kukohoa. Alikohoa, akashika kifua, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na suti ikawa na unga mabegani. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale kwenye kigoda, na kikombe juu yake. Hakuna aliyempa. Shangazi akamimina mahindi ya mteja mwingine.

Bwana Ramani akaandika. Wakatoka. Walipopita kona, mtaa ulilipuka kwa vigelegele, Girisi akaanguka kutoka ukutani, watu wakaruka. Mimi nilikimbia kwenda kumkumbatia shangazi. Nilimkuta amekaa chini, sakafuni, yeye asiyekaa hata kwenye kiti kisichopanguswa.

"Yule mama amekohoa ndani mwangu," akasema, "na mimi namwangalia viatu."

"Umeshinda, shangazi."

"Ana umri wangu, yule."

Akalia. Nikadhani yatapita.

Kibali kikaja. Kiraka kingine chekundu kwenye ramani, na seremala naye kiraka chake. Lakini wale watu hawawezi kukupa kitu bila kukifunga kamba. Chini ya kibali wameandika kwamba ukaguzi unaweza kufanyika wakati wowote bila taarifa, na mashine ikikutwa haifanyi kazi, itahesabiwa mwenye nayo ameacha kazi hiyo, na ruhusa imekwisha. Seremala alisoma akatukana, akaendelea na maisha yake. Girisi hajui kusoma vizuri na hana shida. Shangazi alisoma, akakibandika ukutani mbele ya mashine, akawasha.

Tangu hapo hazimi. Nasema hazimi! Wateja wakiisha, anasaga pumba mara ya pili. Pumba zikiisha, anaiacha inazunguka tupu, anakula amesimama pembeni yake. Umeme unaliwa bure, faida inaliwa, mumewe anasema tusubiri watachoka kuja. Hawajaja hata mara moja, washenzi wale. Hawahitaji kuja. Wako kwenye vioo vyao wanakunywa chai, na ng'ambo huku mwanamke anajilinda kutwa nzima dhidi ya mlango wake mwenyewe. Majirani wakija kusalimu, wanasimama kidogo, wanaona hainui kichwa, wanaondoka. Wengine wamenuna. Mke wa jirani, yule wa mtoto mgongoni, anasema Mama Unga amepata kibali cha serikali sasa anaringa. Niligombana naye mpaka tukaamuliwa.

Nilimpigia simu baba. Sikumweleza yote, nilimwambia tu dada yake amechoka, akipata nafasi aje amwone. Hakusema anakuja lini. Ni mtu wa hivyo, anapenda kumshtukiza dada yake, kwa sababu shangazi akimwona mlangoni huwa anapiga ukelele kama msichana, anamshika mashavu, mzee mzima, anamwambia amekonda.

Siku aliyokuja mimi nilikuwa nimetoka kupeleka magauni kwa mteja. Niliporudi nilimkuta mbele ya chumba changu, amekaa juu ya begi lake. Amevaa koti lake la safari, amepiga viatu rangi. Mabega yote yalikuwa meupe kwa unga, na nyusi pia.

"Baba! Shikamoo! Umefika tangu lini? Mbona uko huku nje? Hujaonana na shangazi?"

Alikuwa anajipangusa unga kwenye mkono wa koti, polepole, kama mtu anayetafuta doa. Ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa inanguruma.

"Nimefika kwake," akasema. "Nimepiga hodi. Nimeita dada, dada, mpaka sauti ikanikauka. Ameniangalia viatu, akaendelea kusaga."

"Baba, hakukujua, alidhani ni wale wa..."

"Nimesimama pale muda mrefu, mwanangu," akasema. "Lakini dada yangu sikumkuta."